Mlango wa Sumaku Kazini: Namna ya Kuhakikisha Unaachia Moto Ukizuka

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wasimamizi wa ofisi ni hili: "Tumezima meni swichi ili tuujaribu mlango wetu wa sumaku, lakini umeendelea kung'ang'ania. Si tuliambiwa umeme ukikatika unafunguka wenyewe?"

Mlichoambiwa ni kweli, ila ni nusu ya habari. Mlango wa sumaku ni ule unaoshikwa na kufuli la sumaku ya umeme, na kufunguliwa kwa kadi au kitufe. Kufuli hilo halitumii umeme wa ukutani moja kwa moja. Linatumia volti 12 au 24 zinazotoka kwenye boksi la umeme lililofichwa juu ya dari au kwenye stoo, na ndani ya boksi hilo mna betri. Kufuli la kawaida, lenye nguvu ya kushika ya kilo 280, hutumia takriban nusu ampia kwenye volti 12, kwa hiyo betri mpya ya 7Ah (inayoweza kutoa ampia 7 kwa saa moja) inaweza kuushikilia mlango kwa saa kumi hivi baada ya TANESCO au Kenya Power kukata. Moshi hujaza korido kwa dakika chache.

Ndiyo maana mwongozo huu wote unasimama juu ya sharti moja: waya unaolisha kufuli ukatwe baada ya betri, yaani kati ya betri na kufuli, na ukatwe na mkono wa mtu au na kengele ya moto, bila kuomba ruhusa kwa kompyuta yoyote. Wanaoshindwa hukata kabla ya betri, au huiachia programu ya kadi iamue.

Kazi ya kuunganisha waya ni ya fundi umeme. Lakini kukagua, kujaribu na kukataa kazi mbovu ni kwako wewe msimamizi, na hatua hizi zimeandikwa ili uweze kusimama naye ukijua anachofanya.

## Vitu vya kuandaa

- Multimita (kifaa cha kupimia umeme) ya kawaida, bisibisi na koleo la kukatia waya.
- Ngazi, kwa sababu boksi na kufuli vyote huwa juu.
- Kitufe cha kutokea chenye seti mbili za kontakti (ncha zinazounganisha au kukata waya). Vingi vya bei nafuu vina seti moja. Uliza kabla ya kulipa.
- Kibonyezo cha dharura cha kijani, chenye seti mbili au tatu za kontakti, kwa kila mlango.
- Rilei (swichi inayoendeshwa na umeme kupitia koili, yaani waya uliozungushwa ndani yake) yenye koili ya volti zilezile za paneli yenu ya moto (boksi linaloendesha kengele ya moto), na kontakti zinazobeba angalau ampia 2 za umeme wa betri (DC). Mlango wa vioo viwili una makufuli mawili, hivyo hutumia mara mbili.
- Waya mpya, vibandiko vya kuandikia, na daftari.
- Ruhusa ya maandishi ya mwenye jengo ikiwa paneli ya moto ni ya jengo zima.

Onyo: upande wa kufuli ni volti 12 au 24, lakini ndani ya boksi la umeme kuna volti 230. Zima na uhakikishe kwa multimita kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono.

## Hatua ya 1: Tambua ni kufuli la aina gani

Angalia juu ya mlango. Kama kuna kipande kirefu cha chuma kwenye fremu na sahani ya chuma kwenye mlango vinavyonasana, hilo ni kufuli la sumaku. Umeme ukiondoka, nguvu yake inaondoka.

Kama badala yake kuna pini inayoshuka kutoka kwenye fremu na kuingia tundu la mlango, hiyo ni boliti ya umeme. Hii ni hatari ya namna nyingine: watu wakiusukuma mlango kwa hofu, pini inabanwa ubavuni na inaweza kukataa kurudi hata umeme ukikatwa. Kwenye mlango wa kutokea watu wengi mimi singeiacha, ningebadilisha.

Aina ya tatu ni ile inayobaki imefungwa umeme ukikosekana. Hiyo inafaa tu pale ambapo kitasa cha ndani kinafungua mlango kwa mkono muda wote. Kama ndani hakuna kitasa, iondoe leo.

Umefaulu ukiwa: unaweza kutaja kwa kila mlango wa kutokea ni kufuli la aina gani, na nini kinalitokea likikosa umeme.

## Hatua ya 2: Ufuate waya mpaka kwenye betri

Anza kwenye kufuli, si kwenye boksi. Fuata waya mbili, chanya na hasi, hadi zinakoanzia. Njiani utakuta kontrola ya kadi (kompyuta ndogo inayoamua kadi ipi ifungue mlango), labda kitufe, labda kiungio kilichofungwa kwa utepe mweusi. Chora kila kitu kwenye daftari kwa mpangilio wake, hata kama mchoro si mzuri.

Sababu ya kuchora ni kwamba mifumo mingi imewekwa na mafundi watatu kwa nyakati tofauti, na hakuna hata mmoja anayejua kazi ya mwenzake. Utakuta kitufe kilichoonekana kinafanya kazi kumbe kinatuma ujumbe tu kwenye kontrola.

Tafuta pia vyanzo vya umeme vilivyofichika. Je, boksi limechomekwa kwenye UPS ya seva? Je, soketi yake iko upande wa jenereta au inveta ya sola? Kila chanzo cha ziada ni sababu nyingine ya mlango kubaki umefungwa wakati mnaamini umeme umekatika.

Umefaulu ukiwa: mchoro wako unaonyesha betri zote zinazoweza kulisha kufuli, na kila kitu kilichopo kati ya betri hizo na kufuli.

## Hatua ya 3: Kitufe cha kutokea kikate umeme chenyewe

Katika ofisi nyingi kitufe cha kutokea kimeunganishwa kwenye kontrola peke yake. Unakibonyeza, kontrola inapokea ombi, programu inakubali, kisha rilei ndogo ndani yake inaachia mlango. Siku kontrola ikiganda, au kontakti za rilei hiyo zikishikana kwa kuungua, utabonyeza hadi kidole kiume bila mlango kuachia.

Kitufe chenye seti mbili kinatatua hili. Seti ya kwanza iende kwenye kontrola kama kawaida, ili programu isipige kelele kwamba mlango umevunjwa. Seti ya pili ikae moja kwa moja kwenye waya chanya unaokwenda kwenye kufuli, ili kidole kinapobonyeza waya unakatika hapohapo.

Kanuni ya Marekani ya NFPA 101 inatoa vipimo ambavyo hata kwetu ni vya kufuata: kitufe kiwe ndani ya milimita 1,525 kutoka mlangoni, kimo cha kati ya milimita 1,015 na 1,220 kutoka sakafuni, na mlango ubaki umeachiwa kwa angalau sekunde 30 baada ya kubonyezwa. Kwa hizo sekunde 30 utahitaji rilei yenye kipima muda, ya aina inayoachia mlango ikikosa umeme. Mtu anayetembelea gongo hawezi kubonyeza kitufe kwa mkono mmoja na kuwahi mlango ndani ya sekunde tatu.

Onyo: vitufe vya kupungia mkono bila kugusa vinapendwa sana tangu wakati wa korona. Vinahitaji umeme wao wenyewe ili vifanye kazi. Vitumie kwa raha ya kila siku, visiwe njia pekee ya kutokea.

## Hatua ya 4: Weka kibonyezo cha kijani

Hiki ndicho kinga ya mwisho: boksi dogo la kijani kando ya mlango, upande wa ndani, ambalo ukilisukuma linakata umeme wa kufuli na kubaki limekata hadi mtu alirudishe kwa ufunguo wake. Chekundu ni cha kupigia kengele ya moto. Cha kijani ni cha kufungulia mlango. Usikubali fundi akuwekee chekundu mahali pa kijani kwa kuwa ndicho alichonacho dukani. Siku ya moshi watu watafuata rangi.

Namna ya kuunganisha:

1. Zima umeme wa boksi na uchomoe betri.
2. Kata waya chanya kati ya kontrola na kufuli, upitishe kwenye seti ya kwanza ya kontakti.
3. Kata waya hasi vilevile, upitishe kwenye seti ya pili. Ikiwa waya zimeyeyuka na kugusana mahali fulani, upande mmoja unaweza kubaki na umeme. Ukikata pande zote mbili kufuli halina pa kupatia.
4. Kama kuna seti ya tatu, itumie kuwasha king'ora kidogo mlangoni, ili mtu asikibonyeze kwa uvivu wa kutafuta kadi yake.

Hapa ndipo mafundi wazuri hukosea: maandishi ya NC (kontakti iliyounganika kwa kawaida) na NO (iliyo wazi kwa kawaida) kwenye vibonyezo hivi hayaaminiki. Watengenezaji wengine huandika hali ya kontakti kibonyezo kikiwa kimesukumwa, wengine kikiwa kimetulia. Usiamini maandishi. Weka multimita kwenye mlio wa waya (inalia ncha zikiwa zimeunganika), na utafute kontakti mbili zinazolia kikiwa kimetulia na kunyamaza kikisukumwa. Hizo ndizo zako.

Jambo jingine dogo: sumaku inapokatwa ghafla hurudisha mshtuko wa umeme unaochoma kontakti polepole. Makufuli mengi yana kinga ya hili ndani. Soma karatasi iliyokuja na kufuli kabla ya fundi kuongeza diodi ya nje (kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu), maana diodi iliyowekwa kinyume ni shoti.

Umefaulu ukiwa: kibonyezo kikisukumwa, multimita kwenye waya za kufuli inasoma sifuri, meni ikiwa imewashwa na betri ikiwa mahali pake.

## Hatua ya 5: Unganisha na kengele ya moto

Kitufe na kibonyezo vinamtegemea mtu afike mlangoni na awe na akili timamu. Kengele ya moto inaachia milango yote kabla mtu hajafika.

Kosa kubwa ni kuifanya paneli ya moto ikate umeme wa volti 230 unaoingia kwenye boksi. Kengele inalia, taa ya boksi inazimika, fundi anapiga saini, na betri inaendelea kushikilia mlango. Rilei ya moto lazima ikae upande wa volti 12, kati ya betri na kufuli.

Kosa la pili ni kupeleka waya wa paneli kwenye tundu la kontrola lililoandikwa "FIRE" na kuishia hapo. Katika kontrola nyingi tundu hilo ni ombi tu kwa programu. Litumie kama nyongeza ukipenda, ila njia kuu iwe ya kukata waya.

Kosa la tatu linajificha zaidi: rilei inayolala wakati wa amani na kuamka wakati wa moto. Ikiunganishwa hivyo, moto ukiunguza waya wa kutoka kwenye paneli kabla rilei haijaamka, haitaamka kamwe. Fanya kinyume chake. Koili ya rilei ishikwe na umeme wa paneli muda wote kupitia kontakti ya moto ya paneli, na kontakti za rilei zipitishe umeme kwenda kwenye kufuli maadamu koili imeshikwa. Moto ukitambuliwa, paneli inaachia koili, rilei inaanguka, mlango unaachia. Waya ukiungua au paneli ikifa kabisa, matokeo ni yaleyale. Kiwango cha Uingereza cha BS 7273-4 kimejengwa juu ya wazo hili, kwamba hitilafu yenyewe ifungue mlango.

Mlinzi wenu atalalamika kwamba paneli ikiharibika usiku milango itakuwa wazi. Ni kweli. Jibu lake ni mlinzi kusimama mlangoni hadi asubuhi. Kompyuta zilizoibwa hununuliwa nyingine.

Amua pia mlango urudi lini. Kunyamazisha king'ora kusiufunge. Ufunge pale tu paneli itakaporudishwa hali ya kawaida na mtu mwenye ufunguo. Watu huwa bado wako ngazini wakati king'ora kinanyamazishwa.

Kama jengo lenu halina paneli, na ofisi ndogo nyingi hazina, tafuta kitambua moshi cha volti 12 chenye rilei ndani yake. Kiweke kwenye dari karibu na njia ya kutokea, na upitishe umeme wa kufuli kwenye kontakti zake. Hakitoshi kwa ghorofa zima, lakini ni bora mara nyingi kuliko kutegemea pua za watu.

## Hatua ya 6: Majaribio matano

Waarifu wafanyakazi, mlinzi na mwenye jengo kabla ya kuanza. Kama paneli inapiga simu kwa kampuni ya ulinzi, waambie nao. Weka mtu mmoja upande wa nje akiwa na njia nyingine ya kuingia. Baada ya kila jaribio rudisha kila kitu kama kilivyokuwa kabla ya kuendelea.

Jaribio la 1. Kila kitu kimewashwa. Sukuma kibonyezo cha kijani. Mlango uachie mara moja na ubaki umeachia.

Jaribio la 2. Kila kitu kimewashwa. Sukuma kibonyezo chekundu cha kengele ya moto, kile kilicho mbali zaidi na mlango. Milango yote iachie. Nyamazisha king'ora: ibaki imeachia.

Jaribio la 3. Zima meni, acha betri. Mlango utabaki umefungwa, na hapa usishtuke, ndivyo ulivyotengenezwa. Sasa bonyeza kitufe cha kutokea, kisha kibonyezo cha kijani. Vyote viwili vifungue. Hili ndilo jaribio ambalo wengi hawajawahi kulifanya, na ndilo linalofanana zaidi na moto ulioanzia kwenye swichi bodi.

Jaribio la 4. Meni imezimwa, chomoa na betri. Mlango uachie papo hapo. Ukikataa, kuna chanzo cha umeme ambacho mchoro wako haukukiona. Rudi hatua ya 2.

Jaribio la 5. Rudisha umeme, halafu chomoa waya za vitufe kwenye kontrola peke yake, kana kwamba imeganda. Kitufe cha kutokea kifungue mlango hata hivyo. Kisipofungua, seti yake ya pili haijaunganishwa, hata fundi aape.

Katika kila jaribio, mpe kazi ya kuusukuma mlango mtu asiye na nguvu nyingi, kwa mkono mmoja. Umeme ukiwa sifuri na mlango bado unavuta kidogo, shida ni sahani. Sahani inatakiwa kucheza kidogo juu ya mpira wake. Ikikazwa kabisa, au pini yake ndogo ya kusukumia ikiwa imepotea, sumaku iliyobaki ndani ya chuma hushika. Dar es Salaam, Mombasa, Tanga na kwingineko pwani, hewa ya chumvi huweka kutu kwenye uso wa sahani. Ifute kwa kitambaa kikavu. Usiisugue kwa msasa.

Na ujue mlango kuachia si mlango kuachama. Mkono wa kufungia uliopo juu ya mlango uendelee kuurudisha, ili moshi usipite. Unachotafuta ni mlango uliojifunga bila kukazwa, unaosukumika.

## Hatua ya 7: Grili, komeo na mnyororo

Unaweza kufanya yote hapo juu kwa ukamilifu na watu wakafia ndani, kwa sababu nyuma ya mlango wa kioo kuna grili yenye kufuli la Solex na ufunguo wake uko mfukoni mwa mlinzi aliyekwenda kunywa chai.

Hii ni hali ya kawaida kwenye ofisi zetu, hasa zinazofanya kazi usiku: vituo vya kupokea simu, maduka ya kubashiri, wahasibu wanaofunga hesabu za mwezi. Sharti liwe hili: mtu akiwa ndani, grili iko wazi na imefungwa kwa nyuma kwenye ndoano yake. Anayefunga grili usiku azunguke kwanza vyumba vyote, vyoo na stoo, huku akiita.

Angalia pia komeo za sakafuni kwenye mlango wa vioo viwili, maboksi ya karatasi yaliyorundikwa mbele ya mlango wa dharura, na mlango wa chini kabisa wa ngazi. Kuna majengo ambayo kila ghorofa linafunguka vizuri na wote wanaishia kwenye mlango wa chini wenye mnyororo.

## Hatua ya 8: Watu na daftari

Waonyeshe wafanyakazi wote kibonyezo cha kijani kwa kukisukuma, siyo kwa barua pepe. Mfanya usafi, mlinzi wa zamu ya usiku na mgeni wa mafunzo wasiachwe. Mara nyingi wao ndio wanaobaki jengoni peke yao. Zima taa mara moja jioni muone kama kibonyezo kinapatikana gizani. Kisipopatikana, mnahitaji taa ya dharura juu yake.

Ratiba ninayopendekeza: kibonyezo cha kijani na kitufe kila wiki; jaribio la 2 na la 3 kila mwezi; yote matano kila baada ya miezi sita na kila baada ya fundi yeyote kugusa dari, intaneti, kamera au umeme. Nchini Kenya, kanuni za 2007 za kupunguza hatari za moto zinataka zoezi la kutoka jengoni na ukaguzi wa usalama wa moto angalau mara moja kila miezi 12. Liunganishe jaribio la 2 na zoezi hilo. Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua majengo, na ofisa akifika mwonyeshe daftari na mchoro. Namba yao ni 114; ibandikeni karibu na simu ya mapokezi.

Kila mstari wa daftari uwe na tarehe, mlango, jaribio, matokeo na saini. Kufuli lililoshindwa jaribio lolote lizimwe siku hiyohiyo kwa kuchomoa waya wake, mlango uwekewe mlinzi, na lisirudishwe mpaka fundi amalize na majaribio yote matano yafanywe upya ukiwepo.